Ufa wa Plastiki na Mafundi wa Kisumu

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa tunaouzungumza leo, msomaji, si wa udongo wala wa chokaa. Ni ufa wa plastiki ya gari kuukuu.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Lakini likisha kuteremshwa Kilindini na kupanda bara hadi Kisumu, hutumika mpaka mwenyewe achoke nalo. Chuma huweza kustahimili. Plastiki ndiyo itanguliayo kusalimu amri. Jua la kila siku huikausha ikawa kama ganda la yai. Bampa hupasuka, vishikizo vya taa hukatika, na kitasa cha mlango humbakia mtu kiganjani.

Hapo ndipo wanapotafutwa mafundi wa jua kali. Fundi mjuzi hakimbilii gundi. Kwanza hukigeuza kipande atazame mgongoni, ambako mara nyingi kiwanda hupiga chapa. PP ni polipropilini, plastiki ya bampa nyingi. ABS ni jamii nyingine, ngumu zaidi. Chapa ikiwa imefutika, maji huwa ndiyo kadhi: kichembe cha polipropilini tupu huelea, cha ABS huzama.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi. ABS hushikana kwa gundi. Polipropilini huikataa gundi ya kawaida, dawa yake ni moto. Fundi hutoboa kitundu penye ncha ya ufa usizidi kukimbia, akaushona kwa waya, kisha akayeyushia juu yake plastiki ya jinsi ile ile.

Kushona huko si kugeni kwetu. Mitepe ya pwani ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Na mitumbwi ya Ssese, upande wa Uganda wa ziwa hilo hilo, nayo ilishonwa. Tena plastiki yenyewe imekwisha kuwa jahazi: Flipflopi, iliyoundwa Lamu na Ali Skanda na wenziwe kwa taka za plastiki, ilishushwa majini mwaka 2018, ikenda Unguja mwaka 2019, na mwaka 2021 ikatweka tanga katika Ziwa Viktoria, safari ikianzia Kisumu.

Hata hivyo, si kila ufa ni wa kuzibwa. Kikopo cha mafuta ya breki kikipasuka, au tangi la petroli likivuja, kiraka ni hadaa, na bei yake yaweza kuwa roho za abiria. Moshi wa plastiki nao ni sumu, hautaki chumba kilichofungwa.

Ndiyo maana fundi hapimwi kwa mkono wake tu. Hupimwa pia siku atakayoweza kupokea fedha, naye akamrudishia mteja kipande chake na kumwambia: "Hiki, ndugu yangu, kanunue kipya." Kazi ni amana kabla ya kuwa riziki.