Mhuri wa Shule Hautoshi

Mwanafunzi anayeomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Juba haulizwi barua ya mwalimu. Anaulizwa alama zake za mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kwa majirani zetu mambo hayatofautiani sana: Kenya huwapanga wanafunzi vyuoni kupitia taasisi ya KUCCPS kwa alama za mtihani wa KCSE, na vyuo vya serikali vya Uganda hutazama matokeo ya mtihani wa UACE. Ndiyo maana barua ya mapendekezo huwashtukiza vijana wetu, siku wanapojaza fomu ya ufadhili wa Mastercard Foundation, ya African Leadership Academy kule Johannesburg, au ya chuo cha Marekani.

Hapo wengi hukimbilia ofisi ya mkuu wa shule. Hutoka na karatasi yenye nembo, sahihi na mhuri, inayosema kijana huyu alisoma hapa tangu mwaka fulani, ana nidhamu, ana bidii, na hadaiwi ada. Karatasi hiyo ina kazi yake, hasa mtu anapohamia shule nyingine au anapotakiwa kuthibitisha masomo yake. Lakini anayesoma maombi chuoni haimsaidii. Inamhakikishia kwamba mwanafunzi yupo, wala haimwambii ni mtu wa namna gani akiwa darasani.

Tuone basi msomaji huyo anatafuta nini. Common App, mfumo wa maombi ulioanzishwa Marekani mwaka 1975 na unaotumiwa leo na vyuo zaidi ya 1,000, una fomu maalumu ya mwalimu. Humwuliza amemjua mwanafunzi kwa muda gani na katika somo lipi, na ni maneno gani ya kwanza yanayomjia akimfikiria. Kisha lipo jedwali la kumlinganisha na wanafunzi wengine, kuanzia wa chini ya wastani hadi wale wachache bora kabisa ambao mwalimu amekutana nao katika maisha yake yote ya kazi. Barua huambatana na fomu hiyo, na kazi yake ni kuonyesha kwa nini mwalimu ametia alama pale alipotia.

Kwa hiyo kila sifa inadai ushahidi. “Ni mwanafunzi hodari wa kemia” ni sentensi inayoweza kuandikiwa mtu yeyote. Linganisha na hii: “Shule yetu haina maabara. Tulipofika mada ya asidi na besi, alikuja na karkade iliyochemshwa nyumbani, akaigawa katika glasi mbili. Moja akaitia ndimu, ikabaki nyekundu. Nyingine akaitia maji ya majivu, ikageuka rangi. Wiki iliyofuata wenzake watatu walirudia jaribio hilo.” Mwalimu hakutaja ubunifu wala uongozi, ila msomaji ameviona vyote viwili. Kizuri chajiuza, barua iliyojaa sifa tupu ndiyo inayojitembeza.

Ushahidi wa namna hiyo anao mwalimu aliyekuwepo, na hapa ndipo Juba tunapoteleza mara nyingi. Kijana ana mjomba jenerali, au familia inafahamiana na mkurugenzi wizarani, basi barua inaombwa huko. Chuo hakina haja na cheo cha mwandishi. Kinataka mtu aliyekufundisha miaka miwili ya mwisho, aliyesahihisha madaftari yako na kukuona ukishindwa kisha ukiinuka. Soma pia masharti ya kila chuo. MIT, kwa mfano, hupendekeza mwalimu mmoja wa hisabati au sayansi, na mwingine wa lugha, historia au somo la jamii. Na kama mwalimu aliyekujua vizuri alirejea Kampala, au aliacha chaki akaajiriwa na shirika kwa sababu mshahara ulichelewa, bado anaweza kuandika. Ataje tu shule, somo na miaka aliyokufundisha.

Namna ya kuomba nayo ina adabu yake. Nenda ana kwa ana, useme: “Ustaz, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye uzito?” Swali hilo linampa nafasi ya kujitoa bila kukuvunjia heshima. Kwetu ni vigumu mkubwa kumkatalia mtoto waziwazi, kwa hiyo sikiliza kusita kwake. Akisita, mshukuru, umwendee mwingine. Barua baridi ina madhara zaidi kuliko kukataliwa.

Akikubali, usimwachie kazi ya kukumbuka peke yake; ana madarasa yaliyofurika. Mpe ukurasa mmoja wenye matukio mawili matatu aliyoyashuhudia mwenyewe, unachotaka kusomea, orodha ya vyuo na tarehe za mwisho. Mpe walau wiki sita. Tarehe nyingi za Marekani huangukia Novemba 1 kwa wanaowahi, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine, wakati ambao walimu wetu mara nyingi wamezongwa na mitihani ya kufunga mwaka.

Liko jambo ambalo mwalimu wa Juba analiweza kuliko yeyote: kueleza mazingira. Msomaji aliye Boston hajui kwamba shule zetu zilifungwa kwa madarasa mengi tangu Machi 2020 hadi Mei 2021 kwa sababu ya korona, wala kwamba Machi 2024 zilifungwa tena kwa joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Hajui kwamba mwanafunzi alianza shule katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa mtaala wa Kenya kabla ya kurejea nyumbani. Fomu ya UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya Uingereza, tangu maombi ya mwaka wa masomo 2024, ina sehemu ya mwalimu kueleza hali za aina hii. Ziandikwe kama habari, kwa tarehe na athari zake kwa masomo. Msomaji haombwi machozi, anapewa kipimo cha kuzisomea alama.

Upande wa mitambo hauna mengi. Mifumo kama Common App humtumia mwalimu kiungo kwa barua pepe, naye hupakia barua mwenyewe. Hakikisha anwani ni ile anayoifungua, na kwamba ujumbe haukupotelea kwenye barua taka. Anwani ya shule hupendeza zaidi. Kama haipo, karatasi yenye nembo na namba ya simu ya shule itasaidia. Utaulizwa pia kama unaiacha haki ya kuisoma barua hiyo baadaye, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya 1974. Iache. Barua iliyoandikwa faraghani huaminiwa zaidi. Kumtafutia mwalimu kompyuta na mtandao ni msaada. Kumlipa kwa ajili ya barua ni hongo.

Limebaki lile linalosemwa kwa sauti ya chini: “Andika mwenyewe, nitaweka sahihi.” Mara nyingi si uvivu. Wapo walimu hodari waliosomea Khartoum kwa Kiarabu, na Kiingereza cha barua kinawatisha. Hata hivyo ni udanganyifu, na hujulikana upesi: insha ya mwanafunzi na barua mbili za walimu zinapozungumza kwa sauti moja, maombi yote huingia mashakani. Njia halali ipo. Mwalimu aandike kwa Kiarabu, na mwalimu mwenzake, asiwe mwanafunzi, atafsiri na kutia sahihi kwenye tafsiri. Au aandike Kiingereza chepesi. Hakuna chuo kinachomnyima kijana nafasi kwa sarufi ya mwalimu wake.

Kwa wakuu wa shule, ombi langu ni dogo: kila mwalimu awe na daftari, na kila muhula aandike mistari miwili juu ya wanafunzi waliomshangaza. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, usingoje fomu. Uliza maswali darasani, baki baada ya kipindi, msaidie mwenzako mbele ya mwalimu na nyuma yake. Mwalimu hawezi kuandika asichokiona.