Maji taka hayatambui mpaka wa kaunti

Neno "msongamano" limetuponza. Kwalo tunayataja magari yaliyokwama barabarani na vilevile majumba yaliyobanana Pipeline au Ruiru, nalo huja na lawama yake tayari, hata mjadala ukaisha kabla ya kuanza. Mimi sioni kuwa watu wengi kuishi pahali padogo ni dhambi. Bomba likipita mbele ya nyumba za familia mia moja, gharama kwa kila familia hupungua. Basi na shule ni vivyo hivyo. Ubaya ni ghorofa kulitangulia bomba.

Na hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, idadi ya wakazi wa Nairobi ilipanda kutoka 3,138,369 hadi 4,397,073. Kiambu iliongezeka kwa kasi zaidi, kutoka 1,623,282 hadi 2,417,735. Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja yalizidi kukatwakatwa kuwa ploti. Barabara ilileta watu, lakini mabomba ya maji taka hayakufuata kwa mwendo huo. Mwenye jumba akachimba shimo la choo, na hatua chache kando akachimba kisima. Watoto wa wapangaji hunywa maji ya kisima hicho.

Je, ni nani apaswaye kupanga? Mkazi wa Ruiru hufanya kazi Nairobi. Nairobi nayo hunywa maji ya bwawa la Ndakaini, lililo Murang'a, tangu 1994. Maji taka yake husafishwa Ruai (yale yanayofika huko, maana mengi huishia mitoni) kisha huteremka kupitia Mto Athi hadi Machakos, na mto huo huo, ukiitwa Sabaki, humwagika baharini karibu na Malindi. Mwaka 2008 iliundwa wizara ya kusimamia jiji pamoja na majirani zake. Zilipokuja kaunti mwaka 2013 wizara hiyo ikatoweka, na kila kaunti ikabaki kuidhinisha majengo yake. Sheria ya 2019 ya mipango ya ardhi inaruhusu kaunti kuandaa mpango wa pamoja, lakini magavana hawapati kura kwa bomba lipitalo kwa jirani.

Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, ilani za kubadilisha matumizi ya ardhi tunazozisoma magazetini huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Walimu wa Jiografia na wa Kiswahili wangeweza kuwapa wanafunzi wao ilani moja waifasiri darasani. Nami ningeomba kila ilani iongezewe mstari mmoja: maji ya jengo hili yatatoka wapi, na maji taka yake yatakwenda wapi.