Mgeni na Mtoto Atakayemlea

Askari aliyekaa mpakani miezi mingi anajua jambo hili: akirudi nyumbani, mtoto aliyemwacha akitambaa humkimbia na kujificha nyuma ya mama yake. Ikiwa baba mzazi hupokewa hivyo, je, mgeni kutoka Ulaya au Marekani?

Nchini Uganda, Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka 1997 ilimtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto miaka 3 kabla ya Mahakama Kuu kumkabidhi awe wake. Wengine waliikwepa kwa kuomba ulezi tu, wakaondoka na mtoto upesi. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliziba njia hiyo: ulezi uliwekewa raia, na muda wa mgeni ukawa mwaka 1, chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi wa jamii.

Wapo wanaouona mwaka huo mrefu. Sisi hatuuoni hivyo. Peremende hupokewa haraka, mtoto akaondoka nazo! Afadhali mgeni aketi chini, asimnyakue mikononi mwa mlezi aliyemzoea. Amlishe uji, amwogeshe, ajifunze maneno ya lugha yake, na arudi saa ile ile aliyoahidi. Kisha mtoto akianguka, atazamwe anamkimbilia nani.

Askari polisi nao wana sehemu yao. Mtoto aliyeokotwa akiletwa kituoni, yaandikwe yote: aliokotwa wapi, na nani, amevaa nini. Huenda jamaa zake wakapatikana kwa maandishi hayo, asihitajiwe mgeni kabisa.