Skrini ya Gari Ikisusa Pwani

Je, wajua kwamba skrini nyingi za kisasa hazina habari kama umezibonyeza? Kinachozishtua ni maji na chumvi vilivyomo kidoleni mwako. Chini ya kioo kuna nyuzi za oksidi ya indiamu na bati, nyembamba hata hazionekani, zilizosukwa kama wavu wa mvuvi na kutiwa chaji ndogo ya umeme. Mwili wa mtu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia huvuta sehemu ya chaji hiyo, na chipu iliyo nyuma hupima ni jicho lipi la wavu limepungukiwa. Kijiti kikavu hakifui dafu hapo. Mnyiri wa pweza mbichi kutoka soko la samaki la Bagamoyo ungeweza kubadilisha stesheni bila taabu. (Usijaribu. Harufu haitatoka garini mpaka mwakani.)

Ipo na aina nyingine, ya mgandamizo, ambayo bado imejaa kwenye magari ya zamani kidogo yaliyotoka Japani. Hiyo ina matabaka mawili yanayopitisha umeme, yametenganishwa na vinundu vidogo mno. Ukibonyeza, tabaka la juu linagusa la chini na redio inajua mahali. Kuzitofautisha ni rahisi: gusa kwa ukucha mtupu au kifuniko cha kalamu. Ikiitika, ni ya mgandamizo. Isipoitika mpaka ikute ngozi, ni ya chaji.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. E. A. Johnson aliliandikia makala mwaka 1965, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, na waliolengwa walikuwa waongoza ndege. Kwenye gari la kuuzwa kwa umma liliingia na Buick Riviera ya 1986 nchini Marekani. Kioo chake kilikuwa cha chogo, kama zile televisheni za zamani.

Sasa njoo pwani. Kutoka Bunju mpaka Bagamoyo, na kupanda juu hadi Saadani, gari linavuta hewa ya bahari mchana na usiku. Chumvi inayoanikwa kwenye mabwawa ya Bagamoyo ni ile ile inayoelea hewani na kutua nyuma ya deshibodi, hasa kwa wanaolaza gari vioo vikiwa wazi. Na chumvi ina tabia yake: unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, hukaa kavu; ukipita hapo, hufyonza maji hewani hadi inayeyuka yenyewe. Usiku wa pwani huvuka kiwango hicho mara kwa mara, na wakati wa masika ndiyo usiseme. Pini za utepe unaounganisha skrini na redio zinaweza kuachana kwa nusu milimita tu, kwa hiyo tone la maji ya chumvi lisiloonekana kwa macho linatosha kuzichanganya, na likikaa linazila taratibu.

Adui wa pili ni jua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipima magari yaliyoegeshwa juani siku za joto kali, na baada ya saa moja deshibodi zilifika wastani wa nyuzi joto 69. Gundi inayoshika matabaka ya skrini haipendi hali hiyo. Huvimba, huachia, hufanya mapovu, na skrini huanza kujibonyeza yenyewe.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika bisibisi, angalia saa. Skrini inayosusa alfajiri na kuzinduka saa nne asubuhi gari likishapata joto, mshitaki unyevu. Inayofanya kazi asubuhi, ikagoma saa nane mchana, ikarudi jioni, mshitaki joto. Iliyokufa kwenye mstari mmoja tu, kutoka juu hadi chini, huenda ina njia iliyokatika kwenye utepe au kwenye kioo chenyewe. Ukibonyeza hapa ikaitika pale, na ni ya mgandamizo, haijaharibika: inataka kupangwa upya kwenye menyu ya mipangilio. Na kabla ya yote hayo, bandua ile plastiki ya kukinga kioo iliyojikunja pembeni, ufute skrini kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo. Jasho na maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri kuliko unavyodhani.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaponza watu. Kila mmoja atakuambia: chomoa betri dakika kumi, rudisha, itapona. Kwa redio za Android za Kichina, zile zinazouzwa Kariakoo, ushauri huo hauna neno. Nyingi zina hata tundu dogo mbele lililoandikwa RST, unalidunga kwa pini ya kutolea laini ya simu na redio inajiwasha upya. Kwa Toyota iliyoagizwa kutoka Japani, tulia kwanza. Redio nyingi za aina hiyo zinatumia kadi ya SD ya ramani, na zimewekewa kinga ya wizi: umeme ukikatika, zikiwashwa tena zinaidai kadi yake ile ile. Isipokuwepo, kioo kinajaa maandishi ya Kijapani na redio inajifunga mpaka ipatiwe namba ya siri. Kuna anayeichomoa kadi hiyo ili aweke nyimbo, na kuna anayenunua gari bila kujua kama kadi iliwahi kuwepo. Utaitambua redio ya soko la Japani kwa FM yake, ambayo kwa kawaida inaanzia 76 na kuishia 90, hata stesheni nyingi za Dar huzipati.

Kuchomoa fyuzi inayolisha kumbukumbu ya redio, au soketi ya redio yenyewe, ni sawa na kuchomoa betri. Anza basi na njia ya upole: shikilia kitufe cha kuwashia redio sekunde kumi na zaidi, au zima gari, funga milango, uliache kwa muda redio ilale kabisa.

Ikikataa, na kadi unayo mkononi, fungua. Fremu za plastiki zibandue kwa kibao cha plastiki, maana bisibisi ya chuma inaacha makovu. Soketi za njano usiziguse kabisa. Ni za eabegi. Redio ikishatoka, fungua mfuniko wa nyuma ya skrini utafute utepe wa rangi ya kahawia. Mdomoni mwa soketi yake kuna ulimi mdogo mweusi: uinue kwa ukucha, na utepe utatoka bila kuvutwa kwa nguvu. Tazama ncha yake kwenye mwanga. Mistari yake inatakiwa ing'ae. Ukiona ukungu wa kijani au unga mweupe, umempata mwizi wako. Futa kwa pamba ya masikio yenye spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, ukifuata urefu wa mistari, usiikate kwa upande. Acha ikauke, rudisha utepe hadi mwisho, laza ulimi.

Skrini ya mgandamizo yenye waya nne unaweza hata kuipima kwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Waya mbili za tabaka moja zinatakiwa kuonyesha ohmu mia kadhaa, na kati ya tabaka na tabaka kusiwe na kitu mpaka ubonyeze. Tabaka lisiloonyesha chochote limekatika, na kioo cha kugusa cha namna hiyo mara nyingi hununuliwa peke yake. Nenda dukani na cha zamani mkononi, kwa sababu ukubwa na idadi ya pini lazima vilingane. Kioo cha chaji kilichogandishwa moja kwa moja juu ya skrini ni habari nyingine; mpelekee fundi.

Pengine kioo hakina kosa. Mwaka 2021 Tesla iliita magari yapatayo 135,000 ya Model S na Model X huko Marekani kwa sababu chipu ya kumbukumbu ilichakaa kwa kuandikwa mno, na skrini nzima ikawa inazimika. Redio inayochelewa kuwaka, inayojizima, au inayoganda picha na kamera ya nyuma kwa pamoja, usiihangaikie utepe wake.

Na wewe mwenye Toyota ya Japani, kaangalie leo kama kadi ya ramani imo. Mara nyingi iko nyuma ya kioo kinachoinama ukibonyeza kitufe cha kufungulia. Kama haimo, mwambie fundi kabla hajagusa betri, kwa sababu redio itajifunga hata kama skrini yako ni nzima.