Ini Likiugua, Kidonge cha Maumivu Hubadilika

Mgonjwa wa ini akiumwa mgongo, mara nyingi huenda duka la dawa na kununua diklofenaki au ibuprofeni. Anapewa dozi ileile ya mtu mzima mwenye afya. Kwake, dozi hiyo inaweza kuwa hatari.

Dawa hizi husafiri katika damu zikiwa zimeshikwa na protini iitwayo albumini. Kwa diklofenaki, zaidi ya asilimia 99 hushikwa hivyo. Inayofanya kazi ni sehemu ndogo iliyobaki huru. Albumini hutengenezwa na ini. Ini likisinyaa, albumini hupungua na sehemu huru ya dawa huongezeka. Isitoshe, ini hilohilo ndilo linalozivunja dawa hizi ili zitoke mwilini. Likidhoofika, dawa hukawia kwenye damu.

Hata hivyo, madhara makubwa huonekana kwenye figo. Mgonjwa ambaye tumbo limejaa maji kwa sababu ya ini hutegemea kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini ili damu iendelee kufika kwenye figo. Diklofenaki na wenzake huzuia kemikali hizo. Mkojo hupungua, chumvi na maji hubaki mwilini, dawa za kukojosha kama furosemidi hazifanyi kazi ipasavyo, na figo zinaweza kufeli.

Hatari nyingine ni kutokwa na damu. Ini likiwa na makovu, mishipa ya umio huvimba, na dawa hizi huweza kuichokoza hadi ipasuke. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wazingatie hili zaidi: kichocho cha matumbo huweza kuacha makovu na kuvimbisha mishipa hiyo hata kama ini bado linafanya kazi zake vizuri.

Wengi huiogopa parasetamoli kwa sababu ikizidi huua ini. Lakini kwa dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, ndiyo ambayo madaktari huichagua kwanza kwa mgonjwa wa ini asiyekunywa pombe. Angalia pakiti, kwani baadhi ya vidonge huchanganya parasetamoli na diklofenaki.

Kama una homa ya ini, tumbo limejaa maji au uliwahi kutapika damu, mweleze mfamasia kabla hujataja dawa unayoitaka.