Je, Kalamu Yaweza Kuleta Unga Nyumbani?

Katika vijiji vyetu wako vijana waliomaliza shule, wenye lugha safi na akili nzuri, ambao hukaa nyumbani wakingoja barua ya kazi. Barua haiji. Wazazi nao hunung'unika wakisema, "Tumemsomesha bure." Leo twataka kuzungumza nawe juu ya kazi isiyongoja barua ya mtu: kazi ya kuandika makala na kuziuza kwa magazeti, hasa makala za hoteli na biashara ya chakula. Huenda ukacheka na kuuliza, "Habari za sufuria nani atazinunua?" Soma kwanza, kisha ucheke.

MAGAZETI YA WAPISHI

Katika nchi za mbali kazi ya hoteli ina magazeti yake yenyewe. Huko London gazeti liitwalo The Caterer lilianza mwaka 1878. Huko Marekani lile la Nation's Restaurant News lilianza mwaka 1967. Magazeti haya hayamwambii mlaji mahali pa kula. Husomwa na wenye hoteli na wapishi. Wao wataka kujua bei ya mafuta yapandaje, jiko gani hula moto kidogo, samaki akaaje bila kuharibika, na mtumishi mpya afundishweje.

Makala nyingine za magazeti ya namna hii huandikwa na watu wasioajiriwa, ndio waandishi wa kujitegemea. Hawapati mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila makala, pengine kwa hesabu ya maneno. Kwetu pia jambo hili si geni. Gazeti la Kiongozi lililochapishwa Tanga tangu 1904 hadi 1916, na Mambo Leo lililoanza 1923, yalipokea habari kutoka kwa walimu na makarani waliokaa mbali na mitambo ya kuchapia. Kazi yao nyingine waliendelea nayo, na kalamu waliishika jioni.

HABARI ZIPO MLANGONI PAKO

Tuutazame mkoa wetu wa Mara. Musoma yakaa ufukoni mwa ziwa, na sangara aliyeingizwa humo miaka ya 1950 amekuwa biashara kubwa. Minofu yake husafiri mpaka Ulaya. Mwishoni mwa 1997 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza samaki wabichi wa huku kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 zikazuia tena samaki wa ziwa hili, kwa kuwa ilisemekana wako wavuvi watumiao sumu. Mpishi wa kule akakosa samaki kwa sababu ya habari za huku, na mvuvi wa huku akakosa fedha kwa sababu ya amri ya kule. Je, ni nani awezaye kumweleza mpishi wa mbali hali ya barafu, ya mialo na ya bei kuliko mtu akaaye hapa na kuyaona kwa macho yake?

Nenda Bunda, penye barabara ya Mwanza na Musoma. Abiria ashukaye basini ana dakika chache tu. Mama lishe lazima akisie watakuja wangapi, apike kiasi gani, na chakula kikae moto namna gani. Hiyo ni elimu ya hoteli kamili, ingawa haikuandikwa kitabuni.

Nenda na Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999. Wageni huja kuona kaburi na makumbusho yake. Watu hawa hula nini? Je, wangefurahi kupewa ugali wa mtama na sato wa ziwani, au mwenye hoteli adhani mgeni hutaka chipsi tu? Uliza, andika majibu, nawe umepata makala.

HESABU YA MAMA LISHE

Makala nzuri ya biashara haijazwi maneno matamu. Hujazwa hesabu. Tuseme mama mmoja hutumia shilingi 50,000 kwa siku: unga, samaki, mafuta, mkaa, maji na kodi ya kibanda. Hupika sahani 30 na kuuza kila moja shilingi 2,000. Zikiisha zote apata 60,000, na faida yake ni 10,000. Lakini sahani tano zikilala, au zikiliwa na watu wa "nitalipa kesho", faida yote imekwisha. Amesimama kutwa nzima mbele ya moshi, na watoto nyumbani hawana daftari.

Mwenzake wa mji mwingine akiisoma hesabu hiyo atajua kwamba sahani tano ndizo mpaka wa uhai wa biashara yake. Atapunguza sufuria siku za mvua. Ataandika madeni. Makala ya namna hii ina thamani, na mhariri mwenye busara ataitambua.

HESABU YAKO WEWE

Sasa jihesabie na wewe. Mwandishi wa kujitegemea ni ndugu wa mama lishe: apika kwanza kwa mtaji wake, alipwa baadaye mlaji akisha kushiba. Tuseme gazeti lalipa makala shilingi 40,000. Nauli ilikula 12,000, chakula 6,000, simu na intaneti 4,000. Zimebaki 18,000, nawe umefanya kazi siku tatu. Hiyo ni 6,000 kwa siku, na huenda fedha zikafika baada ya miezi miwili. Kwa hiyo usiuze jembe lako ununue kalamu. Lima, fuga kuku, na kalamu iwe kazi ya pili mpaka itakapojithibitisha.

Kabla ya kusafiri, mwandikie mhariri barua fupi. Mweleze habari gani unayo, kwa nini wasomaji wake waihitaji, na lini utaimaliza. Uliza malipo ni kiasi gani na hutolewa lini, na majibu yake uyatunze kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi, basi usitie sahihi mkataba usioufahamu. Na ukitaka uandishi wa habari uwe kazi yako hasa, uliza mapema habari za ithibati, kwa maana Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 yaitaka.

SAHANI YA BURE

Sasa twafika penye mtego. Utaingia hotelini na daftari lako, na mwenye hoteli ataleta kuku mzima. "Kula, mwanangu, usilipe. Uandike vizuri tu." Pengine ataongeza bahasha. Nawe una njaa, na nauli ya kurudi imepungua.

Fikiri vema. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Ugonjwa huo hupitia maji na chakula kichafu. Ukiona maji ya kunywa hayakuchemshwa, au choo kisicho na maji ya kunawa, kisha ukaandika "hoteli safi kupita zote" kwa ajili ya paja la kuku, msafiri atakayekuamini atakunywa maji hayo. Pengine atakuwa na mtoto mgongoni.

Tena wamdhulumu jirani. Yuko mama wa pili, ng'ambo ya barabara, achemshaye maji kila asubuhi na kununua sabuni kwa faida yake ndogo. Hana kuku wa kukupa. Wateja wake umewapeleka kwa mwingine kwa uongo. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usikubali kuwa miguu ya kibaya.

Lipa chakula chako, hata kikiwa chai na andazi. Lakini usikimbilie kumwaibisha maskini kwa jina. Ukiona kosa, mwambie yeye kwanza, umsikilize, kisha uandike jinsi kosa la namna hiyo liwezavyo kurekebishwa. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Na hesabu za biashara aliyokueleza, muulize kama yaruhusiwa kuzichapisha.

Wazazi, mkimwona kijana wenu akikaa na mama lishe, akiuliza bei ya mkaa na kuandika, msimwite mvivu. Mpeni taa na meza. Nawe kijana, siku ya soko ijayo chukua daftari, chagua kibanda kimoja, uombe ruhusa, uhesabu sahani tangu asubuhi hadi jioni. Hesabu hiyo ikiwa kweli, makala yako ya kwanza imekwisha kuanza.