Jiko la punje na shemine ya zamani: tiyo ipande mpaka juu

Butembo iko juu ya metre 1.700, na usiku baridi inauma. Ndiyo sababu mu nyumba zingine za zamani za matafali utakuta shemine. Kooperative ikipata nyumba ya namna hiyo kwa ofisi ao depo, swali linakuja: jiko la punje, zile punje ndogo za unga wa mbao ao maganda ya kahawa yaliyokandamizwa, linaweza kutoa moshi kupitia shemine iliyoko tayari?

Ndiyo, linaweza. Lakini si kuchomeka tiyo kwenye tundu na kuondoka.

Shemine ile ilijengwa juu ya moto mkubwa wa kuni. Tundu lake ni pana, na moshi wa kuni ni wa moto sana, unapanda wenyewe. Jiko la punje linabakisha joto ndani ya nyumba, moshi wake unatoka kidogo na umeshapoa. Ukiingia mu tundu pana lenye matafali baridi, unapoa tena na kukosa nguvu ya kupanda. Maji yanatoka ndani yake, yanachanganyika na masizi, ukuta unaota madoa meusi. Na kama kahawa parche iko chumba cha pili, itashika harufu ile; mnunuzi akiionja tu, bei imekufa.

Hatari kubwa haina harufu. Ni gesi ya monoksidi ya kaboni, ileile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala mu chumba kilichofungwa. Jiko la punje iko na vantilatere inayosukuma moshi, kwa hiyo ufa mdogo mu shemine unatosha kuingiza gesi pahali watoto wanalala. Kichwa kikiuma watu wote pamoja, kizunguzungu, kutapika: tokeni inje kwanza, maswali baadaye.

Basi, mbele ya kununua kitu, choma majani makavu ya ndizi chini ya shemine, mtu mmoja abaki inje, mwingine azunguke vyumba. Moshi ukitokea kwenye ukuta, masoni azibe. Kisha fagia masizi na viota vya ndege, na shusha tiyo ya chuma ndani ya shemine kuanzia juu mpaka chini. Kwa jiko la nyumba, upana ni santimetre 8 ao 10. Fuata karatasi ya jiko lenyewe. Viungo vifungwe kabisa. Chini weka kifuniko cha kutolea masizi na maji, juu kofia ya mvua. Ufaransa wanadai mdomo upite mgongo wa paa kwa santimetre 40, na naona ni kipimo kizuri hata kwetu. Jiko lingine lisiunganishwe kwenye tiyo ileile.

Memba wa Beni watasema kwao joto linatosha. Kweli, lakini wakati wa mvua kakao ikikaushwa kwa moto, moshi upite ndani ya tiyo vilevile, usiguse mbegu.

Halafu umeme. Ukikatika, vantilatere inasimama na punje zinaendelea kufuka. Tiyo iliyopanda wima mpaka juu itavuta moshi huo yenyewe. Ile iliyoishia katikati ya shemine itaurudisha chumbani.